Basi likichelewa linabanwa, treni ikichelewa tunaombwa radhi

Panda basi lolote la mkoani leo, dereva akizidisha spidi tu kile kidude cha LATRA, mamlaka ya kudhibiti usafiri wa ardhini, kinaanza kulia na abiria wote wanasikia, taarifa inaenda mpaka kwenye mfumo wao na mwenye basi anaweza kuitwa ajieleze. Basi likiharibika Gairo mwenye basi anatakiwa awatafutie abiria gari lingine au awarudishie nauli. Likipata ajali mbaya, siku mbili tatu unasikia kampuni imefungiwa leseni ya njia fulani mpaka ijirekebishe. Sasa chukua treni, iwe ya SGR, yaani ile reli mpya ya kisasa, au ile ya zamani, ikasimama porini huko kati ya Kilosa na Gulwe masaa matatu manne, watoto wanalia, maji yameisha, simu zimeisha chaji, abiria anachopata ni taarifa kwa umma yenye nembo juu na sahihi ya kitengo cha uhusiano chini, tunaomba radhi kwa usumbufu uliojitokeza. Inaishia hapo.

Hii tofauti ndo naona inatakiwa iwe mjadala wetu mkuu kuhusu reli, kuliko ule wa kila siku wa serikali iendeshe au mwekezaji aendeshe. Kwa sababu sisi Watanzania yote mawili tumeshayafanya, tena kwa zamu, na ukiangalia kwa jicho la mtu aliyekata tiketi hayakumbadilishia kitu cha msingi, hakuwa na mtu wa kumbana mwenye treni wakati ule na hana sasa hivi.

Kabla sijaenda mbali niseme hili nikiwa namaanisha, SGR ni kazi kubwa na inastahili heshima. Tarehe 14 Juni 2024 treni ya kwanza ya abiria ilitoka Dar kwenda Morogoro, Julai 25 ikafika Dodoma, Agosti 1 Rais Samia akazindua rasmi. Dar mpaka Dodoma chini ya masaa manne kwa 31,000, Morogoro kwa 13,000, hii ni nafuu ya kweli kwa mtu aliyezoea kushinda barabarani kutwa nzima halafu anafika miguu imevimba. Mimi najua watu ambao mgonjwa wao anatibiwa Muhimbili na wanaweza kwenda kumuona na kurudi Moro siku hiyohiyo, zamani ilikuwa lazima ulale. Kwa hiyo sitaki mtu aseme huyu anapinga maendeleo. Ninachosema ni kwamba kitu kizuri hivi kikiachwa bila msimamizi mwenye meno kitachakaa, na tunayo historia inayoonyesha kinachakaaje.

Turudi nyuma kidogo. Reli ya kati Wajerumani walianza kuijenga Dar mwaka 1905 na ikafika Kigoma 1914. Baadaye ikawa ya Shirika la Reli la Afrika Mashariki, jumuiya ilipovunjika 1977 tukabaki na chetu, TRC, shirika la reli Tanzania, likazaliwa. Miaka ya themanini na tisini shirika likachoka, vichwa vya treni vikapungua, mabehewa yakaoza, na wafadhili wakaja na dawa iliyokuwa fasheni kipindi kile, tenganisha miliki ya reli na uendeshaji wa treni halafu uendeshaji mpe sekta binafsi. Sheria ya Reli ya 2002 ikafanya hivyohivyo. Ikaundwa RAHCO ikabaki na njia, mataruma, madaraja na majengo, ikaundwa TRL ikachukua treni, na mwaka 2007 TRL ikaenda kwa kampuni ya RITES ya India kwa asilimia 51 serikali ikabaki na 49, mkataba wa miaka 25.

Wote tunajua ulivyoisha. Wafanyakazi waligoma wakidai mishahara yao, mwekezaji akasema serikali haijatimiza ya kwake, serikali ikasema mwekezaji hajawekeza alichoahidi, halafu mvua za mwishoni mwa 2009 zikaisomba reli ya Kilosa Gulwe na kwa kipindi fulani abiria wa Kigoma na Mwanza wakawa wanaambiwa treni inaanzia Dodoma, yaani kutoka Dar mpaka Dodoma jitegemee. Hapo ndo uone ubaya wa ule mgawanyo. Reli iliyosombwa ni ya RAHCO, treni iliyokosa pa kupita ni ya TRL, mvutano uko juu, na abiria aliyekata tiketi yuko chini hana mkataba na yeyote kati yao ambao anaweza kwenda nao mahali akadai. Kufika 2011 RITES wakawa wameshaondoka na serikali imechukua hisa zake. Halafu 2017 ikatungwa sheria nyingine ya reli, RAHCO na TRL zikaunganishwa, TRC ikarudi.

Yaani miaka 15 tu, kutenganisha, kubinafsisha, kurudisha, kuunganisha. Na wala hatukuwa peke yetu, Waingereza ambao ndo waliuza sana wazo la kutenganisha kwa sheria yao ya 1993 nao liliwatokea puani, kampuni iliyomiliki njia iliitwa Railtrack, reli ikavunjika Hatfield Oktoba 2000 wakafa watu 4, ikagundulika njia ina nyufa sehemu kibao na mwaka uliofuata kampuni ikawa haiwezi kujiendesha. Mwaka 2024 wakapitisha sheria ya kurudisha treni za abiria mikononi mwa umma na 2025 wakaanza kuzirudisha moja moja kadiri mikataba inavyoisha. Ila kuna kitu hawakukigusa na hapa ndo tofauti yetu na wao ilipo: mdhibiti wao alibaki. Treni za binafsi mdhibiti yupo, treni za serikali mdhibiti yupo, kila robo mwaka anatoa takwimu treni ngapi zimechelewa na ngapi zimefutwa, kampuni kwa kampuni, na mwananchi yeyote anaweza kuzifungua akasoma.

Sisi tunaye LATRA. Zamani ilikuwa SUMATRA, sheria ya 2019 ikaibadilisha ikabaki na usafiri wa ardhini, mabasi, daladala, bodaboda, treni na hata zile gari za kwenye kamba. Kwa maandishi mamlaka yake kwenye treni hayana unyonge, anatoa leseni, anapanga nauli, anaangalia usalama. Tatizo langu liko kwenye vitendo. Kwa mabasi LATRA ni askari, anafungia, anapiga faini, anawafanyia madereva mitihani, anafuatilia gari kwa setelaiti, usiku wa manane anajua basi namba fulani liko wapi linakimbia spidi ngapi. Kwa treni sauti yake unaisikia siku ya kutangaza nauli, baada ya hapo anayeongea ni TRC mwenyewe. Treni ikikwama anayetueleza sababu ni TRC, anayechunguza ni TRC, anayesema tatizo limekwisha ni TRC. Mwaka 2024 treni ziliposimama kwa hitilafu ya umeme tukaambiwa ngedere na bundi wamegusa miundombinu. Inawezekana kabisa, nyaya zinapita porini na wanyama wapo, nchi nyingine pia zinapata shida hiyo. Lakini nani mwingine zaidi ya mwenye treni alienda kukagua akatuambia ni kweli, kinga ya wanyama ilikuwepo kwenye mkataba wa mkandarasi au haikuwepo, na kama ilikuwepo nani anailipia? Hilo ndo swali ambalo mdhibiti analipwa mshahara kuliuliza, na kulijibu hadharani.

Najua nitaambiwa wasimamizi wapo wengi. Ni kweli wapo. Kuna Wizara ya Uchukuzi, kuna bodi, kuna Msajili wa Hazina, kuna CAG, yule mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, kuna kamati za Bunge. Lakini angalia wote hao wanasimamia nini, wanasimamia hela. Aprili 2023 baada ya ripoti ya CAG Rais alivunja bodi ya TRC, na sababu zilikuwa za manunuzi na mikataba. Sawa, hela za umma ni lazima zilindwe na mimi naunga mkono. Ila hujawahi kusikia bodi imevunjwa kwa sababu treni ya Kigoma inafika siku imepitiliza, au meneja ameondolewa kwa sababu vyoo vya daraja la tatu havina maji kuanzia Dodoma mpaka Tabora. Huduma haina anayeihesabu. Kitu kisichohesabiwa hakiwezi kuingia kwenye ripoti ya CAG, na kisipoingia kwenye ripoti mbunge hawezi kukishika mkononi akasimama nacho.

Halafu usalama. Tarehe 24 Juni 2002 treni ya abiria iliyokuwa na watu zaidi ya 1,200 ilishindwa breki ikiwa inapanda mlima maeneo ya Igandu, Dodoma, ikaanza kurudi kinyumenyume, ikashika kasi, ikagongana na treni ya mizigo iliyokuwa nyuma yake kwenye njia hiyohiyo. Watu 281 walikufa. Ni moja ya ajali mbaya zaidi za treni Afrika nzima na kuna familia mpaka leo kila Juni zinakumbuka. SGR ina stesheni Igandu, treni ya umeme inapita hapo kwa spidi ya 160 na abiria wengi waliomo ndani hawajui wanapita wapi. Miaka ishirini baadaye, Juni 2022, treni ya abiria iliyotoka Kigoma ikaanguka Malolo, Tabora, wakafa watu 4 na majeruhi zaidi ya mia. Utaratibu wetu ukitokea msiba kama huo ni kuunda kamati, kamati inaripoti kwa walioiunda, na ripoti inabaki ofisini.

Hapa wale India ambao tuliwapa TRL wana kitu cha kutufundisha kuliko walichotuletea. Kule kwao mkaguzi wa usalama wa reli hayuko chini ya Wizara ya Reli. Amewekwa chini ya Wizara ya Usafiri wa Anga, makusudi kabisa, ili anayeendesha treni na anayechunguza ajali ya treni wasiwe na bosi mmoja. Utaratibu huo wa kumtoa nje ya mamlaka ya reli una zaidi ya miaka 80. Njia mpya haifunguliwi kwa abiria mpaka yeye aipitie aseme sawa. Sisi tukitaka kufanya hivyo haihitaji mkopo wa Benki ya Dunia, ni kuhamisha ofisi na kuandika kwenye sheria kwamba ripoti ya ajali itatolewa kwa umma ndani ya muda uliowekwa, tena watu wa kuchunguza ajali za ndege tunao tayari na wanaujua huo utamaduni.

Sasa kuna hoja moja ya upande wa pili ambayo naiheshimu kwa sababu ina ukweli. Wanasema hata LATRA akimpiga TRC faini ya bilioni haisaidii, LATRA ni wa serikali na TRC ni ya serikali, hela imetoka mfuko wa kushoto imeingia wa kulia na aliyelipa ni mwananchi yuleyule. Ni kweli kabisa! Mwenye basi ukimpiga faini inamuuma kwa sababu ni hela yake, meneja wa shirika la umma haimuumi. Ndo maana mimi sitaki faini. Nataka hela irudi kwa abiria. Umoja wa Ulaya wana kanuni inayozibana kampuni za treni, zikiwemo za serikali, treni ikichelewa lisaa limoja mpaka masaa mawili kasoro abiria anarudishiwa robo ya nauli, ikifika masaa mawili na kuendelea anarudishiwa nusu, wana msamaha kwa majanga makubwa ya asili lakini mwendeshaji hawezi kukaa tu akasema hitilafu ya kiufundi. Tufanye hesabu ya kwetu kwa kanuni kama hiyo. Treni ya Dodoma imechelewa masaa mawili na nusu, nusu ya 31,000 ni 15,500. Kama ndani kuna watu 600 hiyo ni milioni 9 na laki tatu kwa treni moja siku moja. Hiyo namba inakaa kwenye vitabu vya TRC, haifichiki, mwisho wa mwaka mkaguzi anaiona, bodi inaiona, Bunge linaiona. Ghafla ucheleweshaji umekuwa hela, na kwa sababu usimamizi wetu wote umejengwa kufuatilia hela basi sasa huduma nayo inafuatiliwa. Tiketi zenyewe zinakatwa kwa mtandao, namba ya simu ya kila abiria wanayo, kurudisha elfu 15 kwa M-Pesa au Mixx ni kazi ya dakika chache.

Mtu atasema shirika litafilisika. Hapo ndo tufike kwenye suala la nauli na nani analipia nini, ambalo tunalikwepa sana. Nauli ya 13,000 kwenda Moro ni uamuzi wa kisiasa mzuri, serikali inataka watu wapande. Lakini treni ya umeme ina gharama zake, umeme wa TANESCO, vipuri, walinzi wa njia, mishahara. Kama nauli haitoshi kufidia gharama lazima mtu aweke tofauti, na huyo mtu ni serikali. Nchi ambazo treni za abiria zimetulia hili jambo limeandikwa kwenye mkataba wa huduma, serikali inamwambia mwendeshaji tunataka treni kadhaa kwa siku, kwa nauli hii, stesheni hizi zote, kwa kiwango hiki cha kufika kwa wakati, na tutakulipa kiasi hiki kila mwezi, usipofikisha tunakata. Ni mkataba wenye pande mbili, kwa hiyo na shirika linapata pa kusimamia, linaweza kusema mlituahidi ruzuku hamjaleta. Bila huo mkataba kila mwaka ni kuombana bajeti, na mameneja wazuri ambao wapo kweli TRC wanaishia kuendesha shirika kwa huruma ya Hazina. Na tukumbuke tunachangia wote, tangu 2015 kuna tozo ya maendeleo ya reli iliyoanza kwa asilimia 1.5 kwenye bidhaa zinazoingia nchini, kwa hiyo hata bibi wa Newala ambaye hajawahi kuona treni ameshachangia reli kupitia vitu anavyonunua dukani.

Kwenye nauli lakini tunawazidi majirani, tuseme ukweli. Kenya treni ya Mombasa Nairobi ilianza 2017 kwa shilingi 700 za Kenya daraja la kawaida, ikapanda ikawa 1,000, halafu Januari 2024 ikaruka kuwa 1,500, ongezeko la nusu kwa mkupuo mmoja, na aliyetangaza ni Kenya Railways mwenyewe akieleza bei ya mafuta imepanda. Kwetu TRC hawezi kufanya hivyo, lazima apeleke maombi LATRA, LATRA aitishe mkutano wa wadau, baraza la watumiaji litoe maoni, ndipo nauli itangazwe kwa kilomita. Huo utaratibu unafanya kazi. Kwa hiyo sio kwamba hatuwezi kumdhibiti TRC, tunaweza, tunafanya kwenye nauli. Kwa nini tuishie kwenye bei halafu kile kinachouzwa kwa hiyo bei tusikiguse?

Nimkumbushe msomaji wa Dar kitu kingine. Oktoba 2012 ilianza treni ya mjini, Stesheni mpaka Ubungo Maziwa kwa nauli 400, na ya TAZARA, ile reli ya Tanzania na Zambia, upande wa Mwakanga, watu wakaiita treni ya Mwakyembe kwa jina la waziri aliyeisukuma. Alistahili sifa, alichukua mabehewa chakavu yakafufuliwa na watu wa Buguruni na Tabata wakapata nafuu asubuhi. Lakini huduma ikishategemea msukumo wa waziri mmoja ujue waziri akihamishwa na nguvu inahama. Jiji kama Dar lenye watu mamilioni linahitaji treni ya asubuhi na jioni kama linavyohitaji maji, ratiba iandikwe kwenye leseni ya LATRA, treni mbili zikifutwa bila sababu shirika lijieleze kwa maandishi, awe waziri fulani au mwingine.

Na TAZARA tuiangalie kwa macho mawili. Mwaka 2025 mkataba umesainiwa na Wachina wa CCECC, miaka 30, dola bilioni 1.4, reli ya kilomita 1,860 kutoka Dar mpaka Kapiri Mposhi ifufuliwe. Shaba ya Zambia na Congo ndo inayovuta hiyo hela na hakuna ubaya, mizigo ndo inalipa reli dunia nzima. Ila RITES ilitufundisha kwamba mwekezaji akibanwa na hesabu kitu cha kwanza kukatwa ni treni ya abiria. Kuna vijiji vya Kilombero na Mlimba mpaka Makambako ambavyo mvua ikinyesha barabara inakuwa tope na treni ndo mguu wao, mchele unatoka kwa treni, mjamzito anaenda hospitali kwa treni. Mkataba wa TAZARA ni wa nchi mbili na una sheria yake, sawa, lakini sehemu inayohusu abiria, idadi ya treni kwa wiki na stesheni zitakazobaki wazi, itolewe watu waisome. Siri za biashara wabaki nazo.

Nimalizie na reli ya kati ya zamani kwa sababu huko ndo naona hatari ipo karibu na hakuna anayeiongelea. SGR inaendelea kujengwa kwenda Tabora, Mwanza na Kigoma. Ikifika, presha ya kuipunguza treni ya zamani ya abiria itakuwa kubwa sana, watasema tayari kuna ya kisasa. Lakini treni ya kisasa inakimbia kwa sababu haisimami kila mahali. Ile ya zamani inasimama Kintinku, Saranda, Itigi, Malongwe, Nguruka, Uvinza. Treni ikiingia Saranda hata iwe saa nane usiku utaona taa za chemli na tochi za simu zinakimbia sambamba na mabehewa, kina mama wameshika sinia za kuku wa kuchoma na viazi, wanauza kupitia dirishani kwa dakika kadhaa ambazo treni imesimama, na wengi wao wamesomesha watoto kwa dakika hizo. Uvinza ni chumvi, Nguruka ni samaki, na mtu wa daraja la tatu anapakia gunia lake na kuku wake kitu ambacho kwenye SGR hakiruhusiwi. Huyu abiria na huyu mfanyabiashara mdogo hawapo kwenye hesabu za faida na hasara za mtu yeyote.

Kwa hiyo kabla treni moja ya zamani haijapunguzwa kwenye ratiba, LATRA waitishe mkutano wa wadau kama wanaoitisha wa nauli, ila usifanyike Dar wala Dodoma, ufanyike Saranda, Itigi na Nguruka, kwenye uwanja wa stesheni. Na TRC waje na majibu ya maandishi: stesheni ndogo zitahudumiwa na treni gani, mara ngapi kwa wiki, mzigo wa kiasi gani unaruhusiwa, kwa nauli ipi, na pengo la gharama nani atalilipa.